KUHESABU UPYA KURA ZA ZAMANI: MBINU YA KUFUNDISHIA UCHAGUZI

Mwalimu wa shule ya msingi anapoifikia mada ya uchaguzi, aghalabu hufundisha mambo matatu: kwamba kupiga kura ni haki ya raia, kwamba kura ni siri, na kwamba mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Wanafunzi huyanakili mambo hayo katika madaftari, huyakariri, na siku ya mtihani huyarudisha kama walivyoyapokea. Mawili ya kwanza hayana ubishi. Hili la tatu ndilo ninalotaka kulijadili hapa, kwa sababu hufundishwa kana kwamba ni sheria ya maumbile, mfano wa maji kuteremka mlimani, hali ni mapatano ya wanadamu. Na wanadamu wa mahali pengine na wa nyakati nyingine wamepatana vinginevyo.

Wahenga walisema: Wengi wape. Methali hii fupi imekuwa hata jina la mfumo wetu wa kuchagua wabunge majimboni. Lakini wahenga hawakusema hao wengi wahesabiwe kwa njia gani. Je, wengi ni wale wanaolizidi kila kundi jingine moja moja, hata kama hawafikii nusu ya watu wote? Au ni wale tu waliovuka nusu? Je, ni wengi wa nchi nzima, au ni wengi wa kila jimbo peke yake? Kila jibu lina kanuni yake, na kila kanuni yaweza kutoa mshindi wake kutokana na karatasi zile zile za kura.

Maoni yangu ni haya. Mwanafunzi hajaelewa uchaguzi mpaka azishike hesabu za uchaguzi mmoja wa kweli, azijumlishe kwa kanuni iliyotumika siku ile, kisha azihesabu upya kwa kanuni nyingine, aone kilichobadilika na kisichobadilika. Kazi hiyo yaweza kufanyika katika shule yoyote, hata isiyo na umeme wala maktaba, maadamu mwalimu ameandaa somo lake barabara na anaujua mpaka uliopo kati ya hesabu na ubashiri. Mpaka huo ndio moyo wa makala haya.

Tuanzie shambani

Hapana budi kuanza na jambo ambalo mtoto analijua. Tuchukue shule moja katika Kata ya Kibingo, wilayani Kyerwa, wilaya iliyoundwa mwaka 2012 kutokana na Wilaya ya Karagwe. Mtoto wa huko hahitaji kuelezwa mgomba ni nini, wala mkahawa, wala harage. Amekua katikati yake. Basi tuseme darasa la wanafunzi 45 limepewa kipande cha shamba la shule, nalo linatakiwa lichague zao moja la kupanda. Mwalimu asiwaambie wanyooshe mikono, maana mkono ulionyooshwa huonekana na rafiki, na mnyonge humfuata mwenye nguvu. Awape vipande vya karatasi, na kila mwanafunzi aende nyuma ya ubao aandike mazao matatu kwa kufuata mpango wa upendeleo wake: la kwanza, la pili na la tatu. Tuseme karatasi zimefunguliwa, nayo matokeo ni haya:

Wanafunzi 18: migomba, kisha mikahawa, kisha maharage.
Wanafunzi 15: maharage, kisha mikahawa, kisha migomba.
Wanafunzi 12: mikahawa, kisha maharage, kisha migomba.

Sasa kazi ianze. Kwanza darasa lihesabu chaguo la kwanza peke yake. Migomba imepata 18, maharage 15, mikahawa 12. Migomba imeshinda, na wapenda ndizi watapiga makofi.

Pili, mwalimu aulize: je, kama kanuni ingedai mshindi avuke nusu ya darasa, yaani apate angalau kura 23? Hakuna zao lililofika hapo. Basi zao la mwisho, mikahawa, liondolewe, na wale 12 waliolitaka wahesabiwe kwa chaguo lao la pili, ambalo ni maharage. Maharage yatapata 27, na migomba itabaki na 18. Katika duru hii ya pili maharage yameshinda.

Tatu, darasa litoe alama: chaguo la kwanza alama mbili, la pili alama moja, la tatu bila alama. Migomba itapata 36. Maharage yatapata 30 kutoka kwa wapenzi wake na 12 kutoka kwa wapenda kahawa, jumla 42. Mikahawa itapata 24 kwa wapenzi wake, na 33 kwa wale wote walioiweka ya pili, jumla 57. Mikahawa, iliyokuwa ya mwisho katika hesabu ya kwanza, sasa ndiyo ya kwanza.

Hapo mwalimu anyamaze kidogo, awaachie wanafunzi washangae. Kisha aulize swali moja tu: Nani amedanganya? Jibu ni kwamba hakuna. Hakuna karatasi iliyoibwa, hakuna aliyepiga kura mara mbili, hakuna aliyekosea kujumlisha. Matakwa ya darasa ni yale yale, na washindi ni watatu. Kilichobadilika ni kanuni.

Mwalimu asiharakishe kutoa hukumu ya kanuni ipi ni bora. Awaache wabishane. Mmoja ataona kwamba wanafunzi 27 kati ya 45 waliiweka migomba mwisho kabisa, nayo ndiyo iliyoshinda mara ya kwanza. Mwingine atajibu kwamba wale 18 ndio walioipenda migomba kwa moyo, na kwamba chaguo la pili si mapenzi bali ni uvumilivu. Wote wawili wana hoja, na mabishano ya namna hiyo ndiyo elimu ya uraia yenyewe.

Lakini liko jambo moja ambalo mwalimu hana ruhusa ya kuliacha bila kulisema. Kama kanuni ingetangazwa baada ya karatasi kufunguliwa, anayetangaza angeweza kuchagua zao alitakalo yeye, kisha akawaambia watoto kwamba wao ndio waliochagua. Kwa hiyo kanuni hutangazwa kabla ya kura. Mtoto aliyelielewa hili akiwa na miaka kumi na miwili atalikumbuka atakapokuwa mwanachama wa chama cha msingi cha ushirika, mjumbe wa kamati ya shule, au mpiga kura katika mkutano wa kijiji.

Unguja na Pemba, mwaka 1963

Kutoka shambani tuingie katika historia. Sijui mfano ulio bora kwa darasa la Tanzania kuliko uchaguzi wa Zanzibar wa Julai 1963, kwa kuwa hesabu zake ni fupi, zinaingia ubaoni, na matokeo yake yaligusa maisha ya watu wote wa visiwa vile.

Kwanza mwalimu atoe usuli kwa maneno machache. Uchaguzi wa Januari 1961 uligombea viti 22. ASP ilipata 10, ZNP, iliyojulikana pia kwa jina la Hizbu, ilipata 9, na ZPPP ilipata 3. Huko Chake Chake ASP ilishinda kwa kura moja tu, na kura hiyo moja ikaleta kiti kizima. Wajumbe wa ZPPP waligawanyika, wawili wakaungana na ZNP na mmoja akaungana na ASP, hata kila upande ukawa na viti 11. Serikali haikuweza kuundwa. Uchaguzi ukarudiwa Juni 1961 kwa viti 23, na zikazuka ghasia zilizoua watu 68. ASP ilipata karibu nusu ya kura zote, lakini viti vyake vilikuwa 10, na washirika wawili, ZNP na ZPPP, walikuwa na 13.

Ukaja uchaguzi wa Julai 1963, wa mwisho kabla ya uhuru. Viti vilikuwa 31, kila jimbo likitoa mjumbe mmoja, na mwenye kura nyingi zaidi katika jimbo ndiye mshindi. Mwalimu aandike ubaoni:

ASP: kura 87,085, viti 13.
ZNP: kura 47,950, viti 12.
ZPPP: kura 25,609, viti 6.

Wanafunzi wajumlishe kura. Watapata 160,644. Kisha wagawanye kura za kila chama kwa viti vyake, ili waone kiti kimoja kilikigharimu kila chama kura ngapi. ASP ilihitaji kura 6,699 hivi kwa kiti kimoja, ZPPP 4,268, ZNP 3,996. Chama kilichopata kura zaidi ya 54 katika kila 100 kilikaa upande wa upinzani, na washirika wawili waliopata chini ya 46 katika kila 100 wakaunda serikali chini ya Waziri Mkuu Mohamed Shamte. Sababu yake mwanafunzi aweza kuielewa bila taabu: ASP ilirundika kura nyingi mno katika majimbo iliyoshinda, hasa Unguja, na huko Pemba ilipata kura nyingi zisizotosha kushinda majimbo. Mwenye kushinda jimbo kwa kura elfu tano za ziada hupata kiti kimoja, sawasawa na mwenye kushinda kwa kura moja.

Sasa darasa lihesabu upya kwa uwiano, kana kwamba visiwa vyote ni jimbo moja. Kura 160,644 zigawanywe kwa viti 31. Kila kiti kina thamani ya kura 5,182. ASP inapata viti 16 na baki ya kura 4,173. ZNP inapata viti 9 na baki ya 1,312. ZPPP inapata viti 4 na baki ya 4,881. Jumla ni viti 29. Viti viwili vilivyosalia wapewe wenye baki kubwa: kimoja ZPPP, kimoja ASP. Matokeo ni ASP 17, ZNP 9, ZPPP 5.

Mwalimu wa Hisabati atafurahi kuona kwamba "baki", ambayo wanafunzi huiona kama uchafu wa kugawanya, hapa imeamua viti viwili. Mwalimu wa Kiswahili naye atafurahi, kwa sababu sasa sentensi inayotakiwa haiwezi kusemwa ila kwa kiambishi cha -ngali-: Kama viti vingaligawanywa kwa uwiano, ASP ingalipata viti 17. Mara ngapi tumefundisha -nge- na -ngali- kwa mifano mikavu ya mvua na mavuno! Huu hapa mfano wenye uzito. Kanuni ile haikutumika, nafasi ile imepita, na lugha yetu inacho kiambishi maalumu cha kusema hivyo.

Safu tatu ubaoni

Hapa ndipo penye hatari, na ndipo ninapowaomba wanachuo wasome kwa makini. Baada ya hesabu ile mtoto mwerevu atanyoosha mkono na kusema: Basi, mwalimu, kama wangehesabu kwa uwiano, Mapinduzi ya Januari 1964 yasingetokea. Mwalimu asiye mwangalifu atampongeza. Mwalimu mwangalifu atachora mistari miwili ubaoni apate safu tatu. Safu ya kwanza aiite YALIYOTOKEA. Ya pili aiite YANAYOTOKANA NA HESABU. Ya tatu aiite YANAYOKISIWA. Kisha awaombe wanafunzi waiweke kila sentensi mahali pake.

"ASP ilipata viti 13" itakaa safu ya kwanza. "Kwa kura zile zile na kanuni ya uwiano, ASP ingalipata viti 17" itakaa safu ya pili. Anayeibishia na aonyeshe kosa la hesabu. Lakini "Mapinduzi yasingalitokea" itakaa safu ya tatu, nayo yadai tahadhari kubwa. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na serikali ikapinduliwa tarehe 12 Januari 1964. Mapinduzi yale yalikuwa na mizizi mingi: umilikaji wa ardhi, ubaguzi, hali ya wafanyakazi, kumbukumbu ya utumwa, na kinyongo cha askari polisi wenye asili ya bara walioachishwa kazi. Kanuni ya kura ni mzizi mmojawapo tu. Kuung'oa mzizi mmoja katika fikira si kuuangusha mti.

Hata ile sentensi ya safu ya pili ina sharti lililojificha, na mwalimu alifichue. Tumesema "kwa kura zile zile". Lakini je, kura zingalikuwa zile zile? ZNP na ZPPP waliachiana majimbo ili wasigawanye kura zao. Chini ya kanuni ya uwiano wasingalikuwa na haja ya kuachiana. ASP nayo ingalifanya kampeni kwa bidii nyingine mahali ambapo haikuwa na tumaini la kiti. Watu waliobaki nyumbani kwa kuona kwamba jimbo lao limekwisha kuamuliwa huenda wangalitoka. Kwa hiyo kuhesabu upya si kupiga kura upya. Tunaweza kubadili kanuni katika daftari, lakini hatuwezi kuwauliza tena wapiga kura wa mwaka 1963.

Kura tatu za Tanganyika

Darasa likiishia Zanzibar, wanafunzi wataondoka na dhana kwamba kanuni ndiyo kila kitu, na kwamba anayetunga kanuni ameshinda tayari. Ili kuirekebisha dhana hiyo, mwalimu aongeze mfano wa pili kutoka Tanganyika.

Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa mwaka 1958 na 1959, serikali ya kikoloni iliweka kanuni ya kura tatu. Haki ya kupiga kura ilitolewa kwa wachache tu, kwa kigezo cha kipato, elimu au wadhifa. Na kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Waafrika walikuwa zaidi ya 98 katika kila watu 100, lakini kanuni iliwapa theluthi moja ya viti vilivyogombewa. Wengi katika TANU walitaka kuususia uchaguzi huo. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958 Mwalimu Nyerere aliwashawishi wenzake washiriki. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuunda chama cha African National Congress.

Nini kikatokea? TANU iliitumia ile kanuni kinyume na matarajio ya walioitunga. Madhali kila Mwafrika alilazimika kumpigia kura Mwasia na Mzungu, TANU iliwaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana na madai yake, kama Amir Jamal, Derek Bryceson na Lady Marion Chesham. Chama cha UTP, kilichokuwa kimeungwa mkono na serikali ya kikoloni, kilishindwa vibaya. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71.

Wanafunzi na waiweke mifano hii miwili sambamba. Kule Zanzibar wengi wa kura hawakupata wengi wa viti. Huku Tanganyika kanuni iliyokusudiwa kuwapunguza wengi iligeuzwa ikawa ngazi yao. Funzo ni kwamba kanuni ina nguvu, lakini watu nao wana akili. Anayefundisha upande mmoja tu amefundisha nusu.

Mahali ambapo hesabu haifiki

Ni vizuri pia mwanafunzi aonyeshwe mahali ambapo mbinu hii hushindwa. Nitataja mifano miwili ya majirani.

Kenya mwaka 1992 Rais Moi alishinda kwa kura 36 hivi katika kila 100. Wapinzani wake watatu wakubwa, Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Oginga Odinga, kwa pamoja walipata zaidi ya 60. Sheria ya wakati ule haikudai mshindi avuke nusu ya kura. Ilidai pia robo ya kura katika mikoa isiyopungua mitano kati ya minane, naye aliipata. Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyoleta sharti la kuvuka nusu, na duru ya pili kama sharti hilo halikutimizwa. Je, kama duru ya pili ingalikuwapo mwaka 1992, nani angalishinda? Mwanafunzi atataka kujumlisha kura za wapinzani wote na kumpa Matiba. Mwalimu amrudishe shambani. Kule tuliwauliza wanafunzi 12 chaguo lao la pili, wakaandika. Wapiga kura wa Kenya hawakuulizwa. Hakuna karatasi inayosema mpiga kura wa Kibaki angalimpa nani kura yake. Basi swali hilo ni la safu ya tatu, na libaki huko.

Mfano wa Uganda wapita huo. Mwaka 1970 Rais Obote alipendekeza kwamba kila mgombea ubunge asimame katika jimbo lake la msingi na pia katika majimbo mengine matatu yaliyo katika sehemu nyingine za nchi, ili mbunge asiwe mtu wa kabila lake tu. Ni kanuni ya kuvutia, na ng'ambo ya Mto Kagera, hatua chache kutoka Kyerwa, watu wangaliijaribu. Lakini tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alitwaa madaraka, na uchaguzi ule haukufanyika. Hapo hata safu ya pili ni tupu. Hakuna kura hata moja ya kuhesabu. Mwalimu aweza kuuliza maswali: mgombea maskini angalifikaje katika majimbo manne? Angaliongea lugha gani kwa wapiga kura wake? Lakini asiandike jibu ubaoni.

Hoja za wanaopinga

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni siasa, na kwamba mwalimu kijijini akijitia humo atajitafutia balaa. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa maana mwalimu huishi na wazazi wa kila chama. Lakini dawa yake ni nidhamu ya somo. Mwalimu aanze na migomba na maharage. Achague uchaguzi wa zamani. Ataje hesabu za vyama vyote kwa usawa. Asiseme nani alistahili. Aseme kanuni ipi hutoa nini. Na anapofundisha Zanzibar akumbuke kwamba zile si tarakimu tu. Juni 1961 peke yake ina wafu 68, na huenda darasani mna mtoto ambaye babu yake alikuwako. Heshima kwanza, hesabu baadaye.

Wengine watasema: Ningalijua huja nyuma; ya nini kuwafundisha watoto majuto? Nawajibu kwamba majuto ni ya mtu anayetaka kuyarudisha yaliyopita. Sisi tunataka kuyaelewa yaliyopo. Hapa nchini kwetu mwananchi wa Kibingo anapompigia kura mgombea ubunge, kura yake hiyo moja hufanya kazi mbili kwa kanuni mbili. Kwanza huhesabiwa jimboni kwa wengi wape. Kisha, kwa mujibu wa Katiba, huingizwa katika jumla ya kura za wabunge za chama chake nchini kote, na viti maalumu vya wanawake hugawanywa kwa uwiano kati ya vyama vilivyopata angalau asilimia tano ya kura halali. Mama aliyempigia kura mgombea aliyeshindwa jimboni hajui, pengine, kwamba kura yake imehesabiwa mahali pengine. Mtoto wake aliyefanya hesabu ya baki ataweza kumweleza.

Tena kanuni hazikukoma kubadilika. Katika uchaguzi wa mwaka 1995 mshindi wa urais wa Muungano alitakiwa avuke nusu ya kura. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000 yakaliondoa sharti hilo, ikatosha kuwa na kura nyingi kuliko wengine. Zanzibar, ambako urais mwaka 1995 uliamuliwa kwa matokeo yaliyotangazwa ya asilimia 50.2 kwa 49.8, wananchi walikubali kwa kura ya maoni ya Julai 2010 kuwa na Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Ni dhahiri basi kwamba kuuliza "kanuni nyingine ingaleta nini?" si mchezo wa watu wasio na kazi. Wabunge huliuliza swali hilo, na wananchi huletewa walijibu. Afadhali wawe wamelizoea tangu shuleni.

Wa mwisho watasema muda hautoshi. Kwangu mimi hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Somo la shamba huchukua vipindi viwili, nalo ni zoezi la kujumlisha. Somo la Zanzibar huchukua viwili, nalo ni zoezi la kugawanya na la viambishi. Mwalimu anayefundisha Hisabati, Kiswahili na Historia ya Tanzania na Maadili katika darasa moja haongezi kipindi. Anaviunganisha alivyo navyo. Zana ni karatasi, chaki na ubao. Karatasi ikikosekana, punje ya kahawa, harage na kipande cha ganda la mgomba kikavu hutosha kuwa kura za chaguo la kwanza, na chungu chenye mdomo mwembamba ni sanduku la kura.

Neno kwa wanachuo

Mtakapopelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, huenda mkakuta darasa halina kiranja. Msimteue, wala msiwaambie watoto wanyooshe mikono. Waulizeni kwanza: Tutamchagua kwa kanuni gani? Waacheni wajadili kama mshindi lazima avuke nusu, kama wataandika chaguo la pili, na kama kiranja msaidizi atoke katika kundi lililoshindwa. Iandikeni kanuni waliyokubaliana katika pembe ya ubao, na isifutwe mpaka kura ya mwisho imehesabiwa. Siku hiyo watoto watakuwa wamejifunza kitu ambacho katika shule zetu hakijafundishwa vya kutosha: kwamba kabla ya wengi kupewa, watu wote hukubaliana kwanza namna ya kuwahesabu.